Tangi Lisilovuja la Mwanzelwa

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Kamati ya Muda ya Kudumu ya Gesi ya Samadi, nautangazia umma wa Mkoa wa Tabora, na wote wenye mapenzi mema na maendeleo, kwamba tangi la gesi la Kijiji cha Ujamaa cha Mwanzelwa halikuvuja. Baadhi ya watu, hasa wale wenye pua, wamekuwa wakieneza maneno kwamba lilivuja kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba mwaka 1980. Hilo si kweli. Katika kipindi hicho tangi lilikuwa likitoa gesi nje ya utaratibu.

Mimi ni Anselm Luhende, Katibu wa Kamati hiyo. Nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na karatasi zote ninazo mimi, kwa hiyo ninachosimulia hapa ndicho kilichotokea.

Kwanza nilieleze tangi lenyewe, kwa faida ya wasiolifahamu. Chini kuna shimo la tofali, kina chake ni watu wawili waliosimamiana mabegani. Humo hutiwa mavi ya ng'ombe, ambayo katika barua tunayaita samadi, yakiwa yamekorogwa na maji nusu kwa nusu. Juu yake huelea pipa kubwa la chuma lililofunikwa kifudifudi, kama kikombe kilichopinduliwa ndani ya beseni. Samadi ikichacha hutoa gesi, gesi hulinyanyua pipa, na bomba huipeleka gesi hiyo hadi zahanati yetu, ambako muuguzi Flavia huwasha jiko na kuchemsha sindano za chanjo. Kule kwetu upande wa Ziba miti ni michache na kuni hufuatwa mbali, kwa hiyo jiko lile si pambo.

Mlishaji wa tangi alikuwa Mama Marcelina Kashindye, mjane wa makamo, mwanakwaya wa Kanisa Katoliki, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kila asubuhi alikoroga ndoo kumi na kuzimimina. Alipoulizwa na wageni jinsi mtambo unavyofanya kazi, alijibu, "Ng'ombe anakunya huku, mtoto anachanjwa kule." Kamati ilimwandikia barua ya onyo kuhusu lugha.

Siku ya Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Mama Marcelina aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Katibu, pipa halipandi," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pipa halipandi. Nalilisha kama kawaida, lakini limekaa chini kama kuku anayelalia. Halafu linanuka. Linavuja."

Nilimwomba akae. Nilimweleza kwamba neno "kuvuja" ni zito, na kwamba tangi lilizinduliwa na Mratibu wa Nishati Vijijini wa Wilaya, Ndugu Alois Lugembe, ambaye katika hotuba yake alisema litadumu miaka thelathini bila hitilafu. Miaka ilikuwa imepita mitatu. Kwa hesabu hiyo hitilafu ilikuwa imewahi kufika kwa miaka ishirini na saba, na sisi ngazi ya kijiji hatukuwa na mamlaka ya kuipokea.

"Flavia anachemsha sindano kwa mabua ya mahindi," alisema Mama Marcelina. "Alhamisi kuna watoto arobaini wa chanjo ya surua."

"Tutakaa kikao."

"Kaeni. Lakini mwambie kila mtu asipite na moto pale. Hata kiko cha mzee Mwenyekiti."

Tulikaa kikao. Tulikaa tena. Katika kikao cha tatu wajumbe waliazimia kwa kauli moja kwamba tangi linatoa gesi nje ya utaratibu, na kwamba Mratibu aitwe kuurudisha utaratibu huo. Alhamisi hiyo watoto arobaini walichanjwa saa kumi jioni badala ya saa mbili asubuhi, kwa sababu mabua huwaka yakaisha kabla maji hayajachemka. Kina mama walikaa juani na watoto mgongoni kutwa nzima. Sikupenda kupita mbele yao, nikazunguka nyuma ya ghala la pamba.

Ndugu Lugembe alikuja na Landrover baada ya wiki tatu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya Chuolai, ile ya Kichina yenye kola fupi, iliyonyooshwa hadi inakata, na kalamu nne mfukoni. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye tangi akavuta pumzi.

"Sisikii harufu yoyote," alisema.

Dereva wake alikuwa ameziba pua kwa kofia.

"Ndugu Mratibu," nilisema, "wapo wananchi wanaodai..."

"Wananchi wanadai kwa misingi gani? Wamepima?" Akanigeukia. "Uvujaji hupimwa, Luhende. Kwa njia ya kisayansi. Hapa inatakiwa sabuni. Unapaka povu la sabuni kwenye maungio. Pakitoka viputo, panavuja. Lete sabuni."

Nikamkumbusha kwamba sabuni haikuwapo. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu vita viishe, na duka la ushirika lilikuwa limepokea sabuni mara ya mwisho mwezi wa kwanza, vipande kumi na viwili kwa kaya mia tatu. Niliweza kujaza fomu ya kuomba kipande cha matumizi ya kiserikali, lakini fomu ingeanzia Igunga, iende Tabora, na irudi.

Ndugu Lugembe alifikiri. Kufikiri kwake kulionekana kwa macho, maana alikunja uso mzima. Kisha akatia mkono mfukoni.

"Sabuni haipo," alisema, "lakini kibiriti kipo. Tukipitisha kijiti kilichowashwa kwenye maungio, penye uvujaji patawaka. Panapowaka ndipo pabovu. Njia mbadala."

Wajumbe waliinua mikono kuunga mkono. Mimi pia niliinua, nakiri. Sikumwona Mama Marcelina alipotokea. Nilichoona ni mkono mkubwa, wenye samadi hadi kwenye kiwiko, ukikifunga kiganja cha Mratibu pamoja na kibiriti chake.

"Samahani, baba," alisema kwa upole. "Hicho nipe mimi."

"Wewe mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Na hili pipa nalijua vilevile. Lina gesi na sasa imechanganyika na hewa. Ukiwasha hapo, halitawaka palipo pabovu tu. Litaruka lote, na sisi nalo."

Akakichukua kibiriti, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Enzi zile kibiriti nacho kilikuwa adimu. Umati mzima uliguna. Kisha akakata majani ya mpapai wa zahanati, akayafikicha ndani ya maji kama tulivyofua nguo zetu mwaka ule wote, hadi yakatoa povu. Akalipaka kwenye maungio ya pipa kwa kitambaa, polepole, akizunguka. Upande wa kaskazini, karibu na kutu iliyokuwa na rangi ya chai, povu likaanza kuvimba. Kiputo kimoja. Viwili. Kisha vingi, vikitoka kwa mstari na kupasuka vikisema *pu, pu, pu*.

Ndugu Lugembe alichomoa kalamu moja, akairudisha mfukoni.

"Andika," Ndugu Lugembe aliniambia hatimaye, "kwamba tangi linapumua."

Fundi alitafutwa Tabora mjini. Alikuwa Mzee Mfaume, fundi bati wa Gongoni, aliyerithi nyundo kwa baba yake na ambaye alikuwa ameziba kila kitu chenye kutoboka mjini, kuanzia masufuria ya pilau hadi mabati ya msikiti. Alikuja kwa lori la pamba hadi Igunga, kisha kwa baiskeli, kofia ya kiua kichwani na mkoba wa zana mgongoni. Alimsalimu Mama Marcelina kabla ya kunisalimu mimi. Wawili hao walizungumza nusu saa wakilizunguka tangi, Mzee Mfaume akiuliza zaidi kuliko alivyosema.

Kisha wakaja na masharti. Niliyaandika yote.

Moto wowote usikaribie kwa hatua hamsini, na sigara ni moto. Gesi iliyobaki itolewe polepole hewani kwa valvu, upepo ukivuma kuelekea mashambani. Pipa linyanyuliwe kwa magogo na watu wanane, lipelekwe mbali, lioshwe, liachwe juani hadi harufu iishe, ndipo liguswe na nyundo. Samadi itekwe kwa ndoo hadi shimo liwe tupu, kwa sababu ukuta wa chini una ufa unaotakiwa kupigwa saruji. Na mtu yeyote asishuke shimoni mpaka hewa yake ibadilike.

"Hewa ya shimoni ina nini?" niliuliza.

"Hewa ile ni nzito, Katibu," alisema Mzee Mfaume. "Imelala chini kama maji. Huioni. Ukishuka unavuta mara mbili, ya tatu huvuti. Kisha ndugu yako anakuja kukuokoa, na yeye anabaki. Kisha wa tatu. Nimezika watu wa kisima kimoja, nyumba moja, siku moja. Sitaki tena."

"Na mtajuaje kwamba imebadilika?"

"Kuku," alisema Mama Marcelina.

Ilibidi nimwombe arudie. Alieleza kwamba kila siku wangepunga shimo kwa matawi na mablanketi, kisha wamteremshe kuku ndani ya tenga, wahesabu hadi mia mbili, wampandishe. Kuku akitoka anatembea na kudonoa, mtu anaweza kushuka. Akitoka amelegea, mtu asubiri.

Kamati haikuwa na kifungu cha kuku. Tulikaa kikao tukamthibitisha kwa cheo cha Mkaguzi wa Hewa wa Muda, bila pensheni. Alikuwa tetea mweusi wa Flavia, mkali, na hakuonyesha kufurahia uteuzi.

Kazi ilianza Jumatano. Niseme ukweli, ilikuwa nzuri kuitazama. Gesi ilitolewa, watu wakiwa wamekaa mbali na majiko yote yamezimwa. Wanaume wanane wakalinyanyua pipa wakiimba wimbo wa kulima, wakalilaza kwenye nyasi kando ya zahanati. Wanawake walipanga mstari wa ndoo hadi mashambani, na samadi iliyotekwa ikamwagwa kwenye mtama. Kufikia Alhamisi jioni shimo lilikuwa tupu, likitazama juu kama jicho. Ijumaa asubuhi, baada ya kupunga sana, kuku aliteremshwa. Alipopandishwa kichwa kilikuwa kimelala upande mmoja. Flavia alimchukua akakaa naye uani akimpulizia hewa kwa kanga, na baada ya robo saa kuku akasimama.

"Bado," alisema Mama Marcelina. "Tupunge leo na kesho. Jumapili tutaona."

Lakini Ijumaa hiyo hiyo Landrover ilileta barua. Mgeni Rasmi kutoka mkoani, Mkuu wa Idara ya Uhamasishaji wa Nishati, angewasili Jumamosi saa nne kushuhudia ukarabati. Alikuwa na mpiga picha. Alikuwa na nusu saa.

Ndugu Lugembe alifika Jumamosi saa mbili, amevaa gamboti mpya. Aliagiza paletwe ngazi.

"Mgeni Rasmi haji kutazama watu wanapunga shimo kwa blanketi," alisema. "Anataka kuona utekelezaji. Fundi atashuka, apige saruji, apigwe picha."

"Sishuki," alisema Mzee Mfaume.

"Unakataa agizo?"

"Nakataa kufa, bwana mkubwa. Jana asubuhi kuku alitoka amelegea. Tulimwona sote."

Ndugu Lugembe akacheka kwa madaraka. "Kuku huyo ana cheti gani? Amesoma wapi? Hii ndiyo kasumba, ndugu zangu. Tumejitawala miaka karibu ishirini, bado tunaongozwa na kuku." Akatazama umati. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi nilicheka kwa sababu ya nafasi yangu. "Vizuri. Kiongozi huonyesha njia. Nitashuka mwenyewe. Mpiga picha atanipiga nikiwa ndani ya utekelezaji."

Landrover ya mkoa ilikuwa inaingia kijijini, vumbi limetanda nyuma yake. Mama Marcelina alimshika Mratibu mkono.

"Baba, nakuomba. Una watoto?"

"Sita."

"Basi usishuke. Na kama ni lazima, ufungwe kamba kifuani."

"Kamba? Mimi ni mbuzi?" Akautoa mkono wake. "Nionekane mbele ya Mgeni Rasmi nimefungwa kamba?"

Sijui ni nini kilichonipata. Nilimtazama Mzee Mfaume, naye macho yalikuwa yamejaa ile hofu ya mtu aliyekwisha kuona jambo mara moja. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ninayotumia kusoma mihtasari:

"Ndugu Mratibu, naomba kutoa taarifa. Kwa mujibu wa itifaki, kiongozi wa ngazi ya wilaya anayeingia kwenye mradi kwa kwenda chini hutakiwa kuvishwa Mshipi wa Heshima. Ni waraka wa mwezi uliopita."

Waraka kama huo haukuwapo. Katika miaka kumi na moja ya utumishi ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza wenye manufaa.

"Kwa nini sikuuona?" aliuliza.

"Upo kwenye jalada la siri."

Akanyoosha mikono yake juu, kwa heshima. Mama Marcelina akamfunga kamba ya katani chini ya makwapa, fundo la kufungia ndama, akalijaribu mara mbili. Wanaume wanne wakashika upande wa pili. Mgeni Rasmi, mtu mnene mwenye miwani na sauti nzito, akashuka garini, tukapiga makofi, mpiga picha akapiga goti. Ndugu Lugembe akapunga mkono, akaanza kushuka ngazi.

Kipago cha kwanza alitabasamu. Cha tatu alisema jambo kuhusu kujitegemea. Cha tano ni kichwa tu kilichoonekana, na cha saba tulisikia sauti yake ikitoka chini: "Ndugu wananchi, humu ndani hali ni shwa..."

Hakumaliza. Ilisikika *paa*, kama gunia la mpunga linapotupwa ghalani.

Napenda iingie kwenye kumbukumbu kwamba nilikimbilia shimoni. Sikufikiri kitu. Dereva wake alikimbia pia, na Mwenyekiti, na vijana wawili. Mama Marcelina alisimama kwenye ngazi ametanua mikono, akanikamata shati kifuani nikaning'inia.

"Hakuna anayeshuka!" alipiga kelele, na sauti ya kwaya ile ilifika hadi kisimani. "Ukishuka nitakuzika naye! Vuteni kamba! Vuteni!"

Wanaume wanne wakavuta. Mgeni Rasmi, nadhani bila kukusudia, alijikuta ameishika kamba nyuma yao na miwani imeanguka. Nami nikaishika. Ndugu Lugembe alipanda akigonga vipago, mzito kama ng'ombe aliyezama tope. Kichwa kilipotokea ukingoni kilikuwa na rangi ya jivu. Tulimburuta hadi upande wa upepo. Flavia alimfungua kola, akamsafisha mdomo, akampulizia pumzi kinywani mwake mbele ya watu wote, mara moja, mara mbili, mara nyingi nisizohesabu. Nilikuwa nimepiga magoti, na nilikuwa nalia, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu bila kazi yoyote.

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akatapika, akafumbua macho.

"Picha imetoka?" aliuliza.

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliotaka kulia. Mzee Mfaume alikaa chini palepale akasema alhamdulillahi mara tatu. Mama Marcelina akaenda nyuma ya zahanati. Nilipomfuata nikamkuta ameegemea ukuta. Nilitaka kumwambia jambo. Nilimwambia kwamba Kamati inaifuta barua ya onyo.

"Barua ipi?" aliuliza.

Mgeni Rasmi alitafuta miwani yake, akaivaa, akasimama juu ya Ndugu Lugembe aliyelazwa kwenye mkeka, samadi ikimkauka masikioni.

"Nani aliyeamuru mtu ashuke?" aliuliza.

Ndugu Lugembe akasema kwa sauti ndogo, "Kwa niaba ya Ofisi ya..."

"Nauliza nani."

"Mimi," alisema Ndugu Lugembe. "Kwa niaba yangu."

Nimehudhuria vikao vingi, na hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema. Baadaye alimwita Mama Marcelina kwenye mkeka. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa walikuwa wamelingana umri. Mama Marcelina akaitikia marahaba na kumpa maziwa.

Kazi iliendelea kwa utaratibu wa wenyewe. Jumapili baada ya misa kuku alitoka anachechemea. Jumatatu alitoka ndani ya tenga mwenyewe, akadonoa kiatu cha Mwenyekiti. Ndipo Mzee Mfaume akafungwa kamba, akashuka, akaupiga saruji ule ufa, huku Mama Marcelina akimwita jina kila baada ya muda mfupi naye akiitikia. Pipa lilitiwa kiraka cha bati kwa misumari ya ribiti, likapakwa lami iliyochemshiwa upande wa pili wa kijiji, kisha rangi. Shimo likajazwa samadi iliyokanyagwa na kila mwenye miguu, Ndugu Lugembe akiwemo, pipa likarudishwa. Gesi ya kwanza waliiachia yote iende zake bila kuiwasha, kwa kuwa ilikuwa na hewa ndani. Kamati ilitaka kuizindua lakini haikuulizwa. Wiki ya tatu Flavia aliwasha jiko, moto wa buluu ukatulia, na watoto wengine wa surua wakachanjwa saa mbili asubuhi.

Hapo ndipo habari ingeishia, lakini Mgeni Rasmi alikuwa ameipenda sana kazi ile. Alituma Landrover kutuchukua wanne: Mama Marcelina, Mzee Mfaume, Ndugu Lugembe na mimi. Barua ilisema kwamba nyumbani kwake Tabora mjini lipo Tangi la Mfano la Mkoa, ambalo kwa miaka minne halijapata ajali hata moja, na angependa mtaalamu wa Mwanzelwa alikague ili taarifa yake isambazwe nchi nzima iwe kielelezo cha usalama.

Tulilikuta bustanini, chini ya miembe iliyopandwa kando ya barabara tangu zama za misafara. Lilikuwa zuri kweli. Lilipakwa rangi ya kijani na nyeupe, likazungushiwa maua na mawe ya chokaa. Kibao kilisema GESI NI UHAI. Mgeni Rasmi alikuwepo na wageni wake wa makao makuu, watu watatu wa suti, na yule mpiga picha.

"Karibu, mama," alisema. "Wajumbe kutoka nchi saba wamekunywa chai iliyochemshwa kwa tangi hili."

Mama Marcelina aliliamkia tangi kwa kulizunguka. Alinusa. Alifikicha majani ya mpapai, akapaka povu kwenye maungio yote. Hapakutoka kiputo. Wageni wakapiga makofi. Akagonga pipa kwa ngumi. Likalia *ngo*, kwa mlio mrefu wa kengele ya shule. Mzee Mfaume akainua macho. Mama Marcelina akafunua mfuniko wa bomba la kulishia, akaingiza mkono hadi begani, akautoa. Ulikuwa mkavu. Ulikuwa na utando wa buibui.

Akaenda jikoni, sisi nyuma yake. Mpishi, mzee mpole, alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi linalong'aa. Chini yake, nyuma ya pazia dogo la maua, kulikuwa na jiko la mkaa linalowaka na birika juu yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Marcelina.

"Marahaba," alisema mpishi, akitazama sakafu. "Chai karibu tayari."

Tulirudi bustanini. Wageni wa makao makuu walikuwa wameshika madaftari.

"Katibu, andika," alisema Mama Marcelina. "Tangi hili ni salama kuliko yote niliyoyaona. Haliwezi kuvuja, haliwezi kulipuka, na mtu akishuka ndani hatapata hata mafua."

Niliandika. "Niweke sababu?" niliuliza.

"Weka. Halijawahi kulishwa tangu lizaliwe."

Mgeni Rasmi alikohoa. Alisema kulikuwa na mpango. Alisema mpango ulikuwa katika awamu ya pili. Mmoja wa wageni wa makao makuu akamwuliza awamu ya kwanza ilikuwa ipi, akajibu ilikuwa rangi.

"Ng'ombe mnao hapa?" aliuliza Mama Marcelina.

"Wanane," alisema Mgeni Rasmi. "Wako zizini kule nyuma."

"Basi hakuna kilichoharibika. Tunaanza leo. Samadi ndoo kumi, maji ndoo kumi, na inakanyagwa mpaka madonge yaishe." Alikuwa ameshapandisha kanga yake na kuifunga kiunoni. "Mzee wangu, naomba uvue viatu."

Mgeni Rasmi aliwatazama wageni wake. Nao walisubiri, kalamu juu ya karatasi. Akamtazama Ndugu Lugembe ili apate msaada wa kiofisi. Ndugu Lugembe alikuwa ameshavua vya kwake, ameviweka kando kwa unadhifu, soksi ndani, na anakunja suruali.

"Mwanzo ni baridi kidogo," alimwambia bosi wake kwa upole. "Baadaye unazoea."

Mgeni Rasmi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Mpiga picha akauliza kama ni ruhusa. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akapiga.